Antena ya mita 10 juu ya makoro

Swali: "Jambo Mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Keshero, hapa Goma. Nimepata leseni ya radio ya amateri (ya kuongea na watu wa mbali kwa kupenda tu) na nataka kusimamisha antena ya bomba ya mita 10, isimame chini uwanjani, si juu ya nyumba. Parseli yangu ni mita 15 kwa 20. Waya za umeme zinapita barabarani mbele, na kuna waya mmoja nilioutoa nyumbani kwenda jikoni nyuma. Fundi anasema tuchimbe mita moja na nusu, tujaze beto (zege), basi. Waya za kushikilia, anasema, ni za minara ya simu. Mama watoto hataki hata kusikia habari hiyo kwa sababu ya radi. Na tere, waya wa kupeleka radi ardhini, nitaiweka wapi wakati chini yangu ni makoro matupu, haya mawe ya lava?"

Jambo Mwalimu, na hongera kwa leseni. Kati ya fundi na mama watoto, aliye karibu na ukweli ni mama watoto, ingawa mimi singeanza na radi. Ningeanza na ule waya wa jikoni.

Kinachoua watu wanaposimamisha antena, mara nyingi kuliko radi, ni bomba kugusa waya wa umeme. Bomba la mita 10 likiwa nusu limenyanyuka lina akili zake: linayumba, linaelemea upande usioutarajia, na aliye chini hana nguvu ya kulirudisha. Likigusa waya, wote waliolishika wanashikwa pamoja. Kwa hiyo tunapima hivi: kutoka shina la antena hadi waya wowote wenye umeme, uwe na urefu wa antena na nusu yake juu. Kwako ni mita 15. Chukua kamba, simama mita 5 kutoka ukuta wa nyuma, katikati ya upana wa parseli. Waya za barabarani ziko mita 15 mbele yako; imeingia, lakini kwa kujibana. Waya wa jikoni, huo unapita karibu na kichwa chako, na volti 220 zinaua vizuri kabisa. Uutoe hapo. Uupitishe chini ndani ya bomba la plastiki, au jikoni mtumie taa ya sola, ambayo kwa namna umeme wetu unavyokatika pengine itawaka siku nyingi zaidi. Kabla ya hapo usinunue hata bolti moja.

Ukiwa bado umesimama pale, geuka uangalie majirani. Ubavuni una mita 7 na nusu kila upande, nyuma 5. Antena ikianguka, ncha yake itaingia kwa mtu. Nenda ukaone kuna nini upande wa pili wa ukuta. Kama ni migomba, mzungumze tu yaishe. Kama ni chumba wanapolala watoto, mbao na mabati juu yake, mimi nisingesimamisha mita 10. Ningekata hadi 7 na kuweka koili (waya uliozungushwa) chini kufidia urefu, au ningetumia waya mtupu unaopanda mita 6 kisha ukalala kuelekea nyumba yako mwenyewe. Sauti yako itafika mbali kwa shida kidogo, basi.

Huyo jirani mwonyeshe leseni, na mkuu wa avenyu pia. Karatasi ya ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, inazungumzia masafa. Haimwelezi mtu wa mtaani kwa nini usiku unaongea peke yako chumbani na nje kuna chuma kirefu. Katika mji uliopitia yaliyotupata sisi, mlingoti usioelezwa hupata maelezo yake barabarani. (Wenzetu wa Majengo na Bujovu, walio karibu na uwanja wa ndege, wapite kwanza kwa watu wa usafiri wa anga. Keshero haiko kwenye mstari wa ndege kushuka.)

Sasa fundi. Amezoea nguzo za uzio, ndiyo maana kila kitu kwake ni beto. Tupige hesabu. Tuseme upepo unaotangulia mvua unafika kilomita 100 kwa saa. Hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, upepo huo unasukuma kama kilo 40 kwa kila mita mraba. Bomba la milimita 50 lenye urefu wa mita 10 linaupa upepo nusu mita mraba, na ukihesabu na umbo lake unapata karibu kilo 25, kama mfuko wa mchele ulioegemezwa ubavuni, katikati ya bomba. Kilo 25 si kitu. Ila ziko mita 5 juu ya beto, na huo mkono wa mita 5 ndio unaovunja. Bomba jembamba la ukuta wa milimita 1.5, ambalo ndilo utakalouziwa kwa bei nzuri, litakunjika pale pale linapochomoza. Beto la fundi litabaki zima, halina hata ufa, na atakuambia kazi yake haikuwa na kosa. Tena upepo haupigi mara moja ukaenda zake. Unatikisa, na chuma kinachotikiswa mahali pamoja miezi na miezi huchoka.

Waya tatu za kushikilia zinabadilisha mchezo wote. Zifunge kwenye mita 6 na nusu, zishuke pande tatu zilizo sawa, kila moja ifike chini mita 4 na nusu kutoka shina. Sasa shina halipambani tena na upepo, linabeba uzito tu. Kwenye parseli yako zinaingia ukigeuza moja ielekee ukuta wa nyuma na mbili zije upande wa nyumba: hizo mbili zinakwenda mbele mita 2 na robo tu, na ubavuni karibu mita 4. Usitumie waya wa chuma mzima, maana bomba lenyewe ndilo antena na chuma kilicho karibu kitakula mawimbi yako. Tumia kamba ya poliesta. Ile kamba ya plastiki ya bluu ya kufungia mizigo kwenye chukudu (baiskeli ya mbao), hapana. Jua letu linaigeuza unga. Ipinde baada ya mwaka mmoja utaona inavyotoa vumbi vidoleni.

Kamba hizo zitafungwa kwenye nini? Hapa ndipo Goma inapokuwa Goma. Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani na haikufika kwako. Makoro ya Keshero ni ya zamani zaidi, lakini tabia ni ile ile. Lava hupoa juu kwanza. Iliyo ndani mara nyingine huendelea kutiririka ikaacha tundu, na juu yake linabaki ganda ambalo kwa macho ni mwamba. Kabla ya kuchora alama yoyote, chukua baramini (mtaimbo), upige uwanja wote hatua kwa hatua huku umeinamisha sikio. Penye mwamba mzima inaruka mkononi na sauti ni kavu, fupi. Penye tundu inalia kama ngoma, na vumbi jembamba linacheza juu ya jiwe. Siku moja huko Ndosho nilipiga hivyo mahali nilipokuwa nimeshaweka msalaba wa chaki. Pigo la nne, baramini ikazama hadi mikono yangu ikagonga jiwe, na hewa ya baridi ikatoka usoni. Ganda lilikuwa unene wa kiganja. Tulikuwa tunataka kufunga hapo waya wa mlingoti wa foni (radio ya mawasiliano) wa mita 18.

Ukipata mwamba mzima, kazi ni nyepesi: toboa sentimita 40, pulizia vumbi lote litoke (watu huruka hatua hii, kisha feri (nondo) inachomoka na saruji yake kama jino), tia uji wa saruji, ingiza feri ya milimita 16 iliyopindwa kitanzi. Iache wiki nzima, usiiguse. Ukipata makoro yaliyolegea, kutoboa hakusaidii. Chimba mfereji hadi magotini, laza kipande cha bomba nene la mita moja, funga mnyororo katikati yake, kisha urudishe mawe juu, makubwa kwanza, mpaka uwe umerundika kilo 300. Kwa upepo ule wa hesabu yetu, kila kamba haitavutwa zaidi ya kilo 40 au 50. Lakini mimi napima kila kitanzi kwa kilo 200 kabla ya kukiamini, na kipimo changu ni vijana watatu walioning'inia pamoja kwenye nyenzo. Kikisogea hata unene wa kucha, tunaanza upya.

Shimo la mita moja na nusu nimelikataa kwa sababu nyingine pia, na wewe wa Keshero unaijua hata kama fundi hakuitaja: mazuku. Upande wote wa magharibi, kutoka Himbi kwenda Mugunga na Sake, gesi kaboniki inapanda kutoka chini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inalala mabondeni na mashimoni. Haina rangi wala harufu. Shimo ulilolichimba jana likiwa salama linaweza kujaa usiku, wakati hewa imetulia, na asubuhi fundi akainama kutoa jiwe moja asiinuke tena. Ukikuta mjusi au ndege amekufa ndani, huhitaji kipimo kingine. Mshumaa ulioshushwa kwa kamba ukizimika, ondokeni. Ukiendelea kuwaka, bado usiteremke. Gesi huanza kumlevya mtu kabla haijashinda moto. Chimbeni mchana wakati upepo umeanza kutembea, wawili siku zote, na shimo lisizidi magoti ili kazi yote ifanywe mtu akiwa amesimama nje. Na mtu akianguka shimoni, anayeruka kumfuata anakuwa wa pili. Avuteni kwa kamba.

Uzuri ni kwamba ukiwa na zile kamba tatu hulihitaji shimo. Shina linakaa juu ya kitako cha beto cha sentimita 60 kwa 60, kina 30 au 40, kilichoshikwa kwenye mwamba kwa feri nne. Juu yake weka bawaba, ili antena ilale na kusimama bila mtu kupanda. Bomba lisiguse chuma cha bawaba: livae kwanza kipande cha PVC nene ya maji ya presha, na vibano vishike PVC. Zungushia uzio mdogo wa mbao, kimo cha kifua. Ukirusha wati 100, bomba hilo linaweza kumchoma mtoto kidole bila kutoa cheche wala sauti.

Robo ya wimbi kwenye megahezi 7.1 ni mita 10, ndiyo maana ulichagua urefu huo. Lakini hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu nyingine inapaswa kuwa ardhi, na lava kavu haipitishi umeme. Kwa hiyo ardhi tunaitengeneza sisi: nunua ruloo moja ya waya wa shaba wa mita 100, kata vipande 16, vitandaze kutoka shinani kama miale ya jua hadi karibu na kuta, juu ya makoro, kisha ufunike kwa udongo kiganja kimoja ili watoto wasijikwae. Urefu wao ukitofautiana si neno. Zote zikutane kwenye bamba moja la shaba pale shinani.

Nyaya hizo hizo 16 ndizo mwanzo wa tere yako. Mafundi wetu wakisema tere wanafikiria fimbo ya mita 2. Kwenye udongo mzuri wenye maji fimbo hiyo inakupa omu 50 hivi (omu hupima jinsi ardhi inavyozuia umeme; chache ndiyo nzuri). Kwenye mwamba mkavu, ukifanikiwa kuiingiza, inapita 1,000. Vitabu vinataka chini ya 10. Kwenye parseli ya Keshero hutaipata, na nimeona watu wakimaliza pesa wakiitafuta. Mmoja alimwaga chumvi gunia zima. Mvua ya msimu mmoja iliiosha yote, ikabaki kutu. Ongeza unachoweza: mfereji wa kina cha sentimita 40 kutoka shinani hadi ukuta wa nyumba, uliojazwa udongo mweusi wa kununua pamoja na makala (mkaa) yaliyopondwa, na ndani yake waya wa shaba mtupu wa milimita mraba 16. Feri za kitako nazo zifungwe humo, maana beto hushika unyevu kuliko jiwe. Kisha uache kuhesabu omu, utafute usawa.

Nieleze hapo, maana ndipo penye usalama wote. Radi ikipiga, uwanja mzima unapanda kwa maelfu ya volti, na kupanda kwenyewe hakuui. Kinachoua ni kitu kimoja kupanda wakati kingine hakijapanda, na wewe au radio yako mko katikati. Mtu anaweka tere ya antena nyuma ya nyumba, ya mita ya umeme iko mbele, hazijuani. Radi inapita kwenye antena, inaona tere ya mbele iko chini zaidi, inakata njia kupitia kebo, radio, tundu la ukutani. Nyumba ya mbao inashika moto kwa njia hiyo. Kwa hiyo ule waya wa mfereji lazima uzunguke hadi kwenye tere ya mita ya umeme, ufungwe hapo hapo, viwe kitu kimoja. Na viungo vya shaba na bomba la zinki visigusane moja kwa moja. Weka kati yake washa (pete bapa) ya chuma kisichoshika kutu, upake girisi. Moshi wa Nyiragongo unajua kula mabati yetu, na hapo hauhitaji kusaidiwa.

Kebo ya koaksi, ile inayotoka antena kwenda radio, isiingie nyumbani kupitia dirisha lililo karibu. Ilale chini hadi mwisho wa mfereji, ifike kwenye bamba la chuma lililo nje ya ukuta, lililofungwa kwenye tere, na hapo iwe na kizuizi cha radi cha gesi. Shinani acha mwanya wa milimita 2 kati ya bomba na bamba la nyaya, radi ipate pa kurukia mapema.

Na mama watoto mwambie ukweli, usimbembeleze. Hesabu ya setilaiti iliyochapishwa 2016 iliweka Kabare, kule Kivu Kusini, ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: miale ya radi 205 kwa kilomita mraba kwa mwaka. Nyingi huishia mawinguni. Tuseme kwetu zinazofika chini ni 20. Antena ya mita 10 huchukua radi ya duara la mita 30 kila upande, kwa hiyo itapigwa kama mara moja katika miaka 18. Nyumba yako peke yake, yenye paa la mita 4, ingepigwa labda mara moja katika miaka 50. Antena inaongeza hatari, ndiyo. Tere niliyoieleza inachukua sehemu kubwa ya ongezeko hilo, na sehemu iliyobaki ni ya mkono wako: kebo uifungue nje, kwenye bamba, kila unapomaliza kuongea. Usingoje mawingu. Kama umesahau na ngurumo imeshasikika, acha. Ngurumo ikisikika radi iko ndani ya kilomita 15, na radio mpya inapatikana. Toka ngurumo ya mwisho hesabu nusu saa kabla ya kugusa chochote.

Siku ya kusimamisha iwe asubuhi isiyo na upepo, na umeme wa nyumba uzimwe. Watu sita: mmoja kila kamba, wawili kwenye bomba, na mmoja wa amri. Anayetoa amri ni huyo mmoja tu, naye hashiki kitu. Watoto wapelekwe kwa bibi yao. Bawaba igeuzwe ili antena inyanyuke kwa mstari unaofuata ukuta wa nyuma, isielekee barabara hata kwa bahati mbaya (ubavuni una mita 7 na nusu tu: ikilala, ncha itapita juu ya ukuta, kwa hiyo jirani ajue). Nilikuwepo siku kijana mmoja wa kamba alipoiachia ili apokee simu. Bomba lilikwenda polepole kabisa, sote tukiliangalia, likalala juu ya paa la choo cha watu.

Kaza kamba mpaka bomba linyooke, zisilie kama gitaa. Baada ya wiki zitakuwa zimelegea, ukaze tena; kisha uzikague kila Februari na kila Agosti, kabla ya mvua kuanza, antena ikiwa imelazwa chini.

Ukishahamisha waya wa jikoni na kupiga uwanja kwa baramini, nichoree parseli kwenye karatasi: weka msalaba palipolia kavu, duara palipolia ngoma. Nikiona mchoro huo ndipo tutajua shina likae wapi hasa, na kama mita 10 zinabaki 10.